Programu ya Zamani ya Madam

Fundi wa kompyuta katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani, hapo Busia, hutafuna njugu akiandika programu, na kila ganda hulitia mfukoni asiache ushahidi. Bosi wake, Madam Nerima, alikwisha kumwonya: akileta lugha nyingine ya kuandikia programu, atarudi kijijini kwao Buteba kupalilia mihogo. Basi kila Ijumaa akawa anachomoa kipande cha programu ya zamani na kupachika chake kipya cha lugha nyingine, kama sukari inavyovushwa mpakani, nusu kilo nusu kilo chini ya kitenge. Sura ya nje hakuigusa. Kipande cha mwisho alikipachika juzi.

Jana Madam aliwatambia wakubwa kutoka Kampala: “Mnaona programu yangu ya zamani inavyokimbia? Vitu vipya mimi nakataa!” Fundi alipiga makofi kuliko wote, mpaka maganda yakaruka kutoka mfukoni.