Dude la Vichwa Viwili la Igogo

Mimi ndiye niliyelitangaza lile dude. Nasema mapema, maana siku hizi habari hii ikisimuliwa hapa Igogo, mtaa wetu wa kando ya ziwa, kila mtu anadai aliliona yeye wa kwanza. Waongo watupu! Wa kwanza nilikuwa mimi, kwenye foleni ya bomba, jua linazama, ndoo chini, shingo juu.

Lilitokea kwenye mpera wa mama mkwe wangu. Mabawa mapana kama kanga iliyotandazwa, na vichwa viwili: kimoja mbele, kingine kifuani kinachungulia chini. Nikapiga kelele, "Jamani! Lina vichwa viwili! Limetoka kwetu!" Wanawake wakatimua mbio. Ndoo yangu mwenyewe niliifuata kesho yake.

Ilikuwa miaka ile biashara imeachwa huria, viwanda vya samaki vinaota ufukweni, mitumba kila kona, na magazeti mapya yanatufikia kutoka Dar. Magazeti hayo yalikuwa yamejaa habari za popobawa, lile jini la mabawa la Visiwani. Sisi tuliyatumia kufungia samaki, lakini kwanza tuliyasoma. Kwa hiyo watu walikuwa wameshaiva kwa woga kabla sijafungua mdomo.

Siku mbili baadaye maneno yangu yakanirudia yamegeuzwa. "Limetoka kwetu" imekuwa "yule bibi analifuga, hamwoni macho yake?" Na kweli, macho ya mama mkwe yalikuwa mekundu. Mimi na yeye tulikuwa tunakaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishasafirishwa Ulaya. Tangu asubuhi hadi jioni tuko kwenye moshi wa kuni mbichi. Lakini kwetu huku, mwanamke mzee mwenye macho mekundu huitwa mchawi, hapewi nafasi ya kueleza habari za kuni. Nilijua wazee waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho tu. Niliogopa.

Walianza kwa kumnyima salamu. Watoto waliokuwa wakimwamkia toka mbali wakawa wanavutwa mkono na mama zao. Kisha wazee wa mtaa wakaja. Aliyewaongoza alikuwa mtu wa heshima zake, ndani ya koti la mtumba lililomzidi mabega. Akasema Jumamosi asubuhi kuna mkutano, na mama akionekana ana hatia atatengwa: hakuna wa kumsalimia, wa kumpa moto, wa kuchota naye maji, wala wa kumzika.

"Unamjua aliyeanza kusema?" akamuuliza.

Mama mkwe alitazama karai lake. "Simjui."

Nami nilikuwa pale pale, nageuza panki lililokwisha kuungua. Mdomo wote huu, siku hiyo ulikauka.

Kesho yake nilikwenda chini ya mpera, nikakuta makapi ya mapera yaliyotafunwa na kutemwa. Nikasimama nikiyatazama. Dude gani hilo la kutoka Visiwani, linavuka nchi nzima kuja kula mapera ya Igogo? Nimekulia shambani Usagara, makapi ya namna ile nayajua tangu utoto. Popo! Mkubwa, sawa, lakini popo. Hasira zikanipanda, nyingi zikiwa za kujichukia mwenyewe. Nikaenda moja kwa moja kwa shemeji yangu mvuvi kuomba wavu.

"Wavu wa nini, shemeji?"

"Wa kutundika mtini."

"Unavua nini mtini?"

"Ujinga wangu. Lete wavu."

Ijumaa alasiri tuliutundika kati ya mpera na paa la nyumba. Giza lilipoanza kuingia wavu ukatikisika. Shemeji, mwanamume aliyezoea mawimbi ya ziwa, akaruka nyuma hatua tatu. Mimi nikaingiza mikono niliyoizungushia gunia. Alikuwa jike, na kifuani amening'inia mtoto wake. Hicho ndicho kilikuwa kichwa cha pili.

Jumamosi nilikwenda mkutanoni na tenga lililofunikwa kanga. Mama mkwe alikaa chini peke yake, watu wamemkalia mbali. Sikungoja kuitwa.

"Aliyeanza kusema ni mimi," nikasema. "Na dude lenyewe hili hapa."

Nikafunua. Weee! Mzee wa koti nilimwona nyuma ya akina mama. Kisha mmoja mmoja wakarudi kuchungulia: uso wa mbwa mdogo, manyoya ya rangi ya majani makavu, mtoto ananyonya. Mtu akacheka, na wengine wakafuata.

Lakini mzee akakaza. "Popo tumemwona. Na macho je?"

Hapo nilipandisha mori. Nikamfuata mpaka alipo. "Shikamoo, baba. Hebu nitazame na mimi." Akanitazama. Nyuma yangu nikasikia kanga zinakung'utwa vumbi. Wakaangaji wenzangu wa mapanki walikuwa wananyanyuka. Wakaja wakasimama nami, mabinti na wazee, macho mekundu matupu. "Tutengeni wote," nikasema, "halafu jioni mtajua mtakula nini."

Mzee alikohoa. Akamwendea mama mkwe, akainama. "Shikamoo, mama."

Mama alimsubirisha. Wallahi alimsubirisha mpaka mimi nikaanza kuona haya. Mwishowe akasema, "Marahaba. Sasa mwachieni huyo mzazi, ana mtoto."

Tulimpeleka tukamwachia mperani kwetu, kisha tukashika njia ya kwenda kwenye majiko ya kukaangia. Mama alikuwa mbele, nami nimebeba tenga tupu, najiona shujaa. Bila kugeuka akasema, "Nilikusikia siku ile bombani. Sauti yako nani asiyeijua?"

Nikasimama. "Sasa mama, mbona walipokuuliza ulisema humjui?"

"Wangekutenga wewe. Mimi nimebakiza siku chache, wewe bado una watoto wa kulea." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga, kama alivyozoea. "Haya, tembea. Moto haujawashwa."

Nilimfuata huku nalia kwa sauti, barabarani, mchana kweupe.