Ndoana Mdomoni mwa Paka wa Marehemu

Nilikuwa nimepanga chumba Tanga mjini, kwa bibi mmoja aliyefiwa na mumewe. Alikuwa ndani ya eda, hatoki nje. Tangu watu wa msiba waondoke tulikuwa tukisalimiana tu: shikamoo, marahaba, basi. Mimi Mlutheri wa Muheza, sikujua mjane wa Kiislamu anaongeleshwaje, nikaona bora ninyamaze.

Asubuhi moja aliniita kwa ukelele. Nikamkuta ukumbini kapiga magoti. Paka wa marehemu alikuwa amejibana pembeni, mate yanamchuruzika, mshipi wa kuvulia unaning'inia mdomoni. Kumbe kichwa cha samaki alichookota jaani kilikuwa na ndoana ndani.

Bibi alishaukamata ule mshipi. "Nikiuvuta utatoka."

"Ngoja kwanza, bibi. Tumuulize daktari."

Nikampigia daktari wa mifugo. "Msiuvute!" alisema kabla sijamaliza. "Ndoana ina kijino, itamchana. Wala msiukate mfupi, asije akaumeza. Msimpe chakula wala maji. Mviringisheni kwenye nguo, kichwa kibaki nje, mumlete sasa hivi."

Sasa nani ampeleke? Mimi paka nawaogopa tangu utotoni. Bibi akanitazama. "Mwanangu, mimi siwezi kutoka. Na huyu paka ndiye niliyeachiwa na yule mzee."

Nikafungua kanga yangu kiunoni. Tulipomviringisha, paka alimparura bibi mkono mzima, damu ikatoka. Hakujali, alikuwa akimnong'oneza, "Taratibu baba, taratibu." Nikapanda bajaji nimempakata, nimeushikilia mshipi ulegee, asiukanyage wala kuumeza. Moyo wake ulikuwa ukipiga mbio kwenye kiganja changu. Nikajikuta nami namwambia, "Taratibu baba."

Daktari alimchoma sindano ya usingizi, akampanua mdomo. Ndoana ilikuwa imenasa chini ya ulimi. Aliisukuma hadi ncha ikatokeza, akaikata kwa koleo, akaichomoa iliyobaki. "Mngevuta," alisema, "ulimi ungechanika vibaya."

Nilirudi naye mchana, bado analewalewa. Bibi alikuwa amekaa nyuma ya mlango, mkono hata hakuuosha. Nilipomfungua, paka alijikokota hadi uvunguni, akakataa kuja.

"Mwache," bibi alisema. "Kaumizwa leo. Ndoana iko wapi?"

"Daktari kaitupa."

"Vyema." Nikaleta maji na sabuni, nikamwosha mikwaruzo, nikamwambia lazima aende hospitali akachomwe sindano, kwa matibabu hakuna atakayemlaumu kwa kutoka edani. Akakubali. Kisha akanishika kiganja. "Hebu nieleze tangu ulipotoka hapo mlangoni. Alilia?"

Nikamweleza yote, mpaka namna nilivyokuwa nikimwita baba. Akacheka. Akaanza kunisimulia jinsi mumewe alivyomleta yule paka nyumbani, kamfichia ndani ya koti, na tukasahau kabisa kula.

Kesho yake paka alitoka uvunguni, akalamba mchuzi wa samaki kwenye vidole vya bibi.