Koti la Marehemu kwenye Kisanduku cha Mita

Saa mbili na robo asubuhi, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Fundi bomba Pyo Gil-man amepiga magoti mbele ya lango la nyumba ndogo mjini Taebaek, mji wa migodi ya makaa, anabandua barafu kwa patasi. Anagonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi chumbani kwa mgonjwa.

Chini ya barafu kuna kifuniko cha chuma, na chini ya kifuniko kuna mita ya maji. Alfajiri bomba limepasuka hapo. Maji yameruka mpaka ukutani, yakaganda kabla hayajafika barabarani.

"Angalia mgongo wako, kijana," anasema mwenye nyumba, Ma Sun-deok, mjane wa miaka 79.

"Kijana ana miaka sitini na moja, mama."

"Kwangu bado unanyonya."

Utani wake hauwezi kuficha wasiwasi. Leo jioni ni tambiko la kumkumbuka na kumlisha mumewe, la tatu tangu afariki. Wali na supu ya figili lazima viwe mezani giza likiingia, na jikoni hakuna hata tone.

Jirani amejitolea kumletea ndoo za maji. Bibi Ma amekataa. Bomba hili mumewe alilichimbia mtaro kwa mikono yake, mwaka ambao nyumba za wachimba makaa zilipata maji. "Wali wake atapikiwa kwa maji yake," anasema, na mjadala unaishia hapo.

Pyo anafunga koki kuu, kisha anafungua kifuniko. Anatazama ndani.

Kila kisanduku cha mita hapa hujazwa nguo kuukuu kabla ya baridi kali, ili maji yasigande. Pyo ameshakuta humo mablanketi, suruali za jeshi, hata gauni la harusi. Hiki ni kitupu.

"Mama, nguo ziko wapi?"

"Panya."

"Panya wamebeba zote?"

"Panya wa huku wana nguvu."

Pyo hamsukumi zaidi. Anachukua msumeno, anakata kipande kilichopasuka, ufa wake mrefu kama kidole.

Alikuwa mchimba makaa kwa miaka ishirini na miwili. Mgodi ulipofungwa, alikuwa na miaka 47 na hakujua kazi nyingine. Akajiandikisha masomo ya jioni ya ufundi bomba, darasa moja na vijana wa umri wa binti yake. Mtihani aliufeli mara mbili.

"Mikono ilikuwa inajua kazi. Kalamu ndiyo ilikuwa inanishinda," anasema. "Nilikuwa nasoma swali moja mara tano, halafu naomba, halafu nasoma tena."

Siku za baridi kama hii huitwa kwenye nyumba kumi na mbili. Kuyeyusha bomba ni won laki moja na nusu, lakini wajane wa wachimba makaa huwatoza nusu. Kabla ya simu ya kwanza huwa ameshatoka kwenye maombi ya alfajiri kanisani.

Yule jirani wa ndoo anatokea na birika linalofuka. Ni Tak Ok-hui, rafiki wa Bibi Ma kwa miaka arobaini.

"Sogea, fundi. Haya yanachemka."

"Usimwage, dada! Bomba likipata moto ghafla litapasuka tena."

Ok-hui analishusha birika, anachungulia kwenye kisanduku, kisha anamgeukia rafiki yake. "Hujamwambia?"

"Nyamaza wewe."

"Mwambie ukweli! Mwenzetu ameota, fundi."

Bibi Ma anatazama kando. Kisha anaeleza, kwa sauti ndogo. Wiki iliyopita mumewe alikuja ndotoni, amesimama mlangoni na fulana tu. Akasema, mke wangu, nasikia baridi, koti langu umeliweka wapi?

"Ningemjibu nini? Kwamba nimelisokomeza shimoni na mita?" anasema. "Kulipokucha nikalitoa, nikalifua, nikalitandika chumbani, kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini."

Ok-hui anacheka mpaka anashika lango. Pyo hacheki.

"Ndoto hiyo ningeiota mimi, mama, na mimi ningelitoa."

Kipande kipya kimeshakaa, lakini kuanzia kisanduku hadi jikoni zipo mita nne za bomba lililojaa barafu. Pyo anawasha mashine ya mvuke, anaingiza mpira mwembamba ndani ya bomba. Unaingia upana wa vidole viwili, unakwama, unaingia tena. Saa nzima inapita. Bibi Ma anaosha mchele kwa macho. Bakuli liko mapajani mwake, kavu.

Saa sita kasoro, mpira unalegea. Pyo anauchomoa, anakaza kiungo cha mwisho, anashika koki kuu. Kabla ya kuizungusha anainamisha kichwa.

"Unasali au unasinzia?" anauliza Bibi Ma.

"Vyote viwili, mama."

"Basi nitajie na mimi."

Bibi Ma anaingia jikoni na bakuli lake, na Pyo anazungusha. Kwa muda hakuna kitu. Kisha jikoni koki inakohoa, inatema maji ya rangi ya chai, inakohoa tena. Maji meupe yanashuka juu ya mchele. Bibi Ma anakinga mkono chini yake, hautoi, ingawa ni baridi ya kuuma.

Pyo analeta blanketi kuukuu kutoka kwenye gari lake ili ajaze kisanduku. Akirudi anamkuta Bibi Ma ameshachuchumaa pale langoni. Koti la kahawia amelikunja vizuri, analizungushia mita kama anayemfunika mtoto.

"Na baridi yake je, mama?"

"Jioni nitamwambia. Hakutupwa shimoni, analinda maji yake." Anafuta pua. "Nitamlisha vizuri, kisha arudi kazini."

Pyo anaweka blanketi juu ya koti, anafunga kifuniko.

Ana mpango mmoja: kuanzia Novemba ijayo, kabla barafu ya kwanza haijashika, azungukie nyumba zote za wazee mtaani na kujaza visanduku bure. "Nitapoteza kazi nyingi," anasema. "Mungu akipenda, nitazipoteza zote."

Orodha anayo kwenye daftari lake la masomo ya jioni, jina na kilichomo kisandukuni. Anavua glavu, anaitia joto kalamu mdomoni, anaandika mstari wa thelathini na nane: Ma Sun-deok. Koti la mume. Lisitolewe.