Ubao wa Kati, Same hadi Lembeni

Baba yangu alikarabati njia ya reli maisha yake yote, na alipostaafu akaijenga upya sebuleni kwetu Same, ndogo, juu ya mbao. Ubao mmoja ulikuwa stesheni ya Same. Mwingine ulikuwa Lembeni, kwao alikozaliwa. Kichwa cha treni alikipata kwenye mitumba Moshi, kimechakaa, akakifufua kikatembea tena kwa umeme. Kila Jumapili tukitoka kanisani alikitembeza mpaka ukingo wa ubao wa Same, halafu akakirudisha, maana ubao wa kati ulikuwa bado. Alisema anasubiri mti mkavu. Akafa kabla hajaupata, tukamzika Lembeni.

Baada ya mazishi mama akaanza kuisikia ile treni. Ilikuwa mchana, jua la Same likiwa limeshika kwelikweli, anatega sikio ghafla na kijiko mkononi.

"Anafika pale ukingoni," aliniambia, "halafu anakosa pa kupita."

Chakula kikawa hakipiti, usingizi hana. Kila siku alimimina chai kwenye kikombe cha baba na kukiweka kando ya zile mbao. Kaka yangu alitaka tumpeleke hospitali. Mchungaji alikuja akaomba naye. Mimi hasira zangu ziko karibu, nilimfokea: "Mama, waya nimechomoa mwenyewe! Treni gani hiyo?" Akawa anakonda tu mbele ya macho yetu.

Nimeolewa Ugweno, juu mlimani. Safari iliyofuata nilimkuta mama uani anachambua mchele wa Kihurio. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Nikaingia ndani kunywa maji. Ndipo nikasikia magurudumu juu ya reli, polepole, yanakuja, yanakuja, kisha kimya pale ukingoni. Kichwa cha treni kilikuwa mahali pake, kina vumbi, na waya umelala sakafuni. Jamani, niliogopa! Nilitoka nje na kikombe mkononi, maji yote yamenimwagikia, na mama akanitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Niliporudi Ugweno nilimwambia mume wangu, "Nipasulie ubao, na usiniulize wa nini." Pengo lilikuwa fupi, kwa hiyo nililaza ubao mmoja mpana na kupitisha reli zikikatiza upana wake. Kazi yenyewe naijua, utotoni mimi ndiye niliyekuwa namshikia baba mbao. Mwisho wa reli unaulehemu kwenye skrubu za shaba ili usicheze, kisha unaukata usawa na ukingo wa ubao. Ukizidi, mbao hazikutani. Ukipungua, gurudumu linatumbukia. Nilipitisha kucha pale ukingoni, haikukwama popote. Nikajisifu peke yangu kwa sauti. Nikaufunga ubao kwenye bodaboda na kuteremka nao kwenye ukungu, nikimtukana dereva kila kona.

Kumbe nimefanya upuuzi. Nilikaa Same siku kadhaa namuuguza mama, ubao umeegemea ukuta, upepo mkavu unaupiga. Nilipouweka mezani, reli zilikuwa zimechomoza pande zote mbili kama kucha za mtu asiyejikata. Ubao umesinyaa, chuma kimebaki vilevile. Hapo nikamsikia baba waziwazi, kama yuko nyuma ya bega langu: mti wa mlimani usiupige reli kabla haujaonja jua la huku. Alikuwa akiniambia hivyo kila alipoanika mbao juu ya bati. Na mimi nimekaa mlimani miaka mingi mpaka nimesahau.

"Fundi wa Ugweno huyo!" kaka alinicheka. Nikamwambia atoke sebuleni kabla sijamrushia tupa.

Nilikaa kupiga tupa, nikizisaga zile ncha za reli zilizochomoza. Unasukuma kuelekea ndani tu, huvuti, maana ukivuta reli inang'oka na kazi yote inaharibika. Nilikuwa namsikia mama akihema kwenye kiti chake, na niliogopa kwamba nikikosea hapa, nitamzika na yeye. Reli zikarudi ukingoni. Nikasogeza mbao tatu, nikazibana, nikapitisha kucha. Ikapita bila kukwama.

Nikachomeka waya, nikazungusha kitufe. Treni ikatoka Same, ikafika ule ukingo ambao kila mara iliishia pale. Mama aliacha kuhema. Ikapita. Ikavuka ubao wa kati bila hata kugonga, ikaingia Lembeni.

"Amepita?" mama aliuliza, macho ameyafumba.

"Amepita, mama."

"Haya, baba watoto," alisema, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayesindikiza mgeni mlangoni. "Fika salama."

Akainuka mwenyewe, akachukua kile kikombe, akaimwaga chai uani, akakiosha na kukifunika kabatini. Akarudi akaomba ugali.

Niliyekuwa nimefanya kazi yote ile ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa siko tayari kumwacha baba aende. Treni ilikuwa imesimama mwisho wa ubao wa Lembeni, ndogo, imetugeuzia mgongo. Nikashika kitufe nikizungushe upande wa pili, kama baba alivyokuwa akifanya kila Jumapili. Mama akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Usimrudishe," akasema.