Mafuta ya Kashindi na Nguo Isiyokunywa Maji

Ashukuriwe Mungu aliyeniacha niishi mpaka meno yakaning'oka, ili niseme jambo ambalo nililinyamazia nilipokuwa nayo yote.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika vita vile vya kwanza baada ya uhuru. Sisi vijana wengi wa Uvira tulikuwa wakimbizi ng'ambo ya ziwa, upande wa Burundi. Yakaja mashindano ya kuogelea ya nchi jirani pamoja na wageni kutoka Ulaya. Wakimbizi tulipewa nafasi mbili: moja yangu, moja ya Kashindi, rafiki yangu wa mtaa wa Kasenga, hukohuko Uvira. Atakayemtangulia mwenzake angepelekwa kwenye mashindano makubwa Ulaya, na huko angewekwa shuleni. Mwingine angerudi kambini.

Kashindi alikuwa akinishinda kila siku. Sikufichi.

Wageni walikuja na nguo mpya za nailoni, nyembamba, zinazobana mwili na hazinywi maji. Sisi tulikuwa na kaptula za pamba, ambazo zikilowa zinakuvuta chini kama umefungiwa jiwe. Kampuni iliyotengeneza zile nguo ilitaka picha ya Mwafrika aliyezivaa. Ilibaki moja tu. Kashindi alikuwa na mapaja mazito, haikumwingia. Ikanitosha mimi.

Asubuhi ile upepo ulikuwa mkali. Kashindi akajipaka mawese mwili mzima kuzuia baridi, kama wavuvi wetu wanavyofanya kabla ya kuzamia wavu ulionasa kwenye mawe. Muamuzi mkuu alipomwona, akaja mbio akipiga kelele kwa Kifaransa: mafuta yanateleza, sheria inakataza kitu chochote cha kuongeza mwendo!

Kashindi hakujua Kifaransa. Mimi nilikijua, nimefundishwa misioni.

"Huyu muzungu anasema nini?"

"Ufute mafuta."

Akacheka. "Mwambie hivi: kama mafuta ya mama yangu iko wizi, hiyo nguo yenu iko nini? Sala ya asubuhi?"

Nikainamia ile nguo yangu, nikaikaza kiunoni.

"Mwambie basi! Si weye ndiye ulisoma?"

Nikamgeukia muamuzi, nikasema kwa Kifaransa: "Anasema amekubali."

Walimsugua kwa mchanga na sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka. Aliingia majini anatetemeka. Nikamshinda kwa urefu wa mkono mmoja. Mkono mmoja, mwanangu!

Katekista wetu, mzee Petro, alikuwa pale na mtumbwi wa kutufuata, na Kifaransa alikijua. Akanivuta pembeni.

"Minye nilisikia," akasema. "Mungu amekupa luga mbili, na weye umezitumia kumuziba ndugu yako kinywa. Nenda useme kweli sasa hivi, kabla hawajaandika majina."

Sikwenda. Nilisimama nikapigwa picha.

Huko Ulaya nilikuta wenzangu wana nguo mpya kuliko yangu. Nikawa wa mwisho. Shule nilisoma, na kwa hiyo ninamshukuru Mungu kila siku. Lakini niliporudi, Kashindi hakuwepo kambini. Alikuwa amevuka kurudi ng'ambo ya kwetu, Bwegera, kumtafuta mama yake, vita vikamkuta kwenye mashamba ya mpunga. Aliuawa akiwa na miaka kumi na tisa.

Nimeungama, na ninaamini nimesamehewa. Hasira imebaki. Nasikia redioni kwamba siku hizi nguo hizo zinatengenezwa na wataalamu wa maabara, halafu zinapigwa marufuku wakati wenye nazo wamekwisha kuvishwa medali na majina yao yamekwisha kuandikwa. Aliyeogelea na kaptula, nani amemrudia na kumwomba radhi? Sheria iliona mafuta ya maskini mara moja, kwa mbali. Nguo ya tajiri ilihitaji miaka kuonekana. Hiyo si haki, hata ikipigwa muhuri!

Kwa hiyo, mwanangu, sikia. Ukipewa kitu kinachokutanguliza, uliza kama mwenzako naye anacho. Kama hana, kiweke chini. Na kama wewe ndiye unayejua lugha ya wanaoamua, yafikishe maneno ya mwenzako yote, hata yale makali, na uyafikishe kabla mbio hazijaanza. Baadaye ni kuchelewa.

Wewe unayesoma haya, Mungu akupe ulimi usioogopa wakubwa, akulinde wewe na wa nyumbani kwako, na siku utakayoshinda, ushinde ukiwa unaweza kumtazama uliyemshinda machoni. Amina.