Podium ya Rughenda Hatukuibomoa

Jumamosi iliyopita nilikuwa kati ya wafanyakazi tuliojenga podium, jukwaa la konseri kubwa ya roki, kule Rughenda, hapa Butembo. Saa nane mchana, uwanja ukianza kujaa, akafika mjumbe wa mwimbaji tuliyekuwa tukimngoja. Alisema huku anatazama simu yake.

"Musanii anabaki Beni. Anaogopa barabara. Mubomoe."

Tukaweka nyundo chini. Mama mmoja tu, mvuta nyaya wetu aliyekimbia vita Mabalako, upande wa Beni, aliendelea na kazi.

"Mama, hausikie?" mjumbe akamwuliza.

"Nilisikia. Hiyo barabara nilipita na miguu, batoto wawili mukononi. Yeye iko na motokari, anaogopa nini?"

Akachomeka waya wa mwisho, akapanda, akashika mikro. Sauti yake haikuwa nzuri, mais hata hivyo aliimba wimbo wa kulima wa Kinande kwa nguvu zote. Fundi mmoja wa mtaa wa Kimemi akaunguruma na gita nyuma yake, na uwanja mzima ukaitikia.

Mjumbe alikuwa bado amesimama njiani. Tulimwomba asogee, tupitishe spika.

Sasa mtu akiniuliza kwa nini nyota wakubwa hawafiki Butembo, ninamjibu: donc basi, wabaki kwao, podium tuko nayo.