Fundi na Makoti ya Wapole Wanane

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka thelathini na moja mtaa wetu umemwogopa kuliko mahakama. Ukimpelekea kitambaa kibaya, anakurudishia akiwa amekishika kwa ncha za vidole viwili. Ukivuta tumbo ndani wakati anakupima, anashusha futi, anakunja mikono na kusubiri uishiwe pumzi. "Nikushonee wewe, au yule unayetamani kuwa?" anauliza, duka zima likisikia.

Niseme mapema ili tusizungushane: macho yake yalikuwa yamekwisha, na mimi peke yangu ndiye niliyejua. Nilijua siku nilipomkuta akimfokea paka ashuke juu ya mashine, na yule paka alikuwa kofia ya mume wake. "Ukimwambia mtu, utahama humu ndani," akaniambia. Nilimwelewa. Fundi akishajulikana haoni, nani atamwachia kitambaa chake? Na bila lile duka, yeye angekuwa nani? Hofu hiyo ilikuwa inamla, na mimi nilikuwa naogopa pamoja naye.

Basi katikati ya hofu hiyo akaingia Mwalimu wa sanaa wa shule ya jirani, mwanamke mwembamba anayeongea kwa mikono mpaka unalazimika kukaa mbali kidogo. Alikuwa na wazo. Watu wanane wa mtaa, makoti manane, yatundikwe kwenye ukumbi wa maktaba. Nje, koti lioneshe jinsi watu wanavyokuona. Ndani, kwenye bitana, uweke wewe ni nani hasa, na wageni wafungue makoti wenyewe wasome. Shangazi angeshona yote, na mikutano ya kupanga ingefanyika dukani kwake kila Jumamosi. Nilimkanyaga mguu chini ya meza ili akatae. Akakubali. Angekataaje bila kutoa sababu?

Mikutano yenyewe ilikuwa vituko. Muuza nyama alitaka bitana yake iandikwe "mpole". Nesi mstaafu, ambaye sindano zake bado tunazikumbuka kwa makalio, naye akataka "mpole". Kinyozi alitaka mpole, mkarimu na mrefu.

"Mrefu ndani?" Shangazi akauliza.

"Ndani, ndiyo. Ndani mimi ni mrefu."

Kufikia mkutano wa tatu tulikuwa na wapole wanane, na wawili kati yao nusura washikane mashati kwa kugombea nani atundikwe karibu na mlango. Mwalimu aliketi juu ya gunia la vipande vya nguo akiwa ameshika kichwa.

Jumamosi ya nne Shangazi akaleta koti la kwanza, la muuza nyama. Kitambaa chenyewe kilikuwa na mistari mizito iliyochapwa upande mmoja tu. Ukikigusa, pande zote ni sawa; ni macho tu yanayotofautisha. Upande uliofifia ulikuwa nje. Mistari yote ilikuwa imefungiwa ndani, kati ya kitambaa na bitana, mahali ambapo hakuna mtu angeiona.

Mwalimu akainua pindo, akachungulia kwenye sehemu ambayo ilikuwa haijafungwa. Akatoa macho.

"Ameficha rangi ndani!" akapiga kelele. "Mnaona? Nje mtu amefifia, ndani anawaka! Mimi nimewaza miezi sita, Fundi kafanya kwa koti moja!"

Muuza nyama akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akaanza kulia waziwazi. "Ndivyo nilivyo," akasema. "Ndivyo nilivyo hasa." Wengine saba wakadai yao yashonwe vilevile.

Nilishusha pumzi. Nikamnong'oneza Shangazi, "Nyamaza tu, yamepita." Yeye alikuwa amebana midomo. Mwalimu akasema jina lake litaandikwa ukutani kwa herufi kubwa, fundi aliyethubutu. Hapo ndipo Shangazi alipolipuka.

"Nimethubutu nini? Nimekosea! Nimekigeuza kitambaa kwa sababu sikukiona. Sioni. Miaka thelathini na moja sijasifiwa kwa kazi mbovu, na sitaanza leo."

Nilisubiri watu waanze kukusanya vitambaa vyao.

"Tunajua, Fundi," akasema kinyozi, taratibu.

"Tangu mwaka jana," nesi akaongeza.

Kinyozi akanyoosha miguu: suruali yake mguu mmoja ulikuwa mfupi kwa vidole viwili, na alikuwa ameurefusha kwa kipande cha pazia. Nesi akavua sweta alilokuwa akilivaa hata kwenye jua kali, tukaona gauni lenye mfuko mgongoni. Muuza nyama akakiri kwamba yeye hupitisha kila shati kwa fundi wa kule stendi likarekebishwe.

"Yule anayeshona na redio sikioni?" Shangazi akafoka. "Mwaka mzima mnanisifu, kumbe mnanidanganya!"

"Nani hapa ana ubavu wa kukwambia?" akauliza kinyozi.

"Sasa mbona mliendelea kuniletea vitambaa?"

Nesi ndiye aliyejibu. "Yule wa redio anashona vizuri. Lakini hata hatugombezi. Unavua, anakupima, unaondoka, hajui kama umekonda au umefiwa. Wewe unatujua."

Shangazi akakaa. Akalia, tena kwa hasira, akijifuta kwa bitana ya bei ghali. Alipomaliza akavuta mkono wa shati la muuza nyama, akapapasa kifungo kwa kidole gumba.

"Huyo wa redio kakiweka hiki? Kimekaa kama jipu. Makoti saba yaliyobaki mtashona wenyewe, hapahapa, na mimi nitakagua kila mshono kwa vidole. Ole wake atakayevuta uzi mpaka kitambaa kijikunje."

Kisha akafungua droo, akatoa sindano na uzi, akavinyoosha mbele yake bila kumtazama yeyote.

"Nani atanitilia uzi?"

Nimeishi naye miaka kumi na moja, sikuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu. Muuza nyama ndiye aliyewahi, na vidole vyake vile vinene. Alichukua karibu robo saa, akilamba uzi na kukosa, akilamba tena. Hakuna aliyemharakisha, hata Shangazi.